Namna ya Kulipiwa Tiba ya Kuacha Sigara kwa Sheria za Majimbo ya Marekani: Mwongozo Kamili

Wasomaji wengi wanaoishi Marekani hukwama mahali palepale. Mtu huamua kuacha sigara, huenda kwenye duka la dawa, huchukua pakiti ya mabandiko ya nikotini, hulipa kwa fedha zake, kisha hutuma risiti kwa kampuni ya bima akitarajia kurudishiwa. Baadaye hupokea barua ya kukataliwa, naye huhitimisha kwamba hakuna sheria inayomlinda.

Sheria ipo na ina nguvu, lakini ina utaratibu wake. Karibu yote yatakayoelezwa hapa yanategemea mambo mawili: kujua ni sheria ipi inayoitawala bima yako, na kuwa na cheti cha dawa mkononi kabla ya kununua chochote, hata ile dawa ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua bila cheti.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kadi yako ya bima. Soma pande zote mbili, kwa sababu maneno madogo ya nyuma ndiyo yenye habari unayoihitaji.
- Muhtasari wa mafao wa mwaka huu, pamoja na orodha ya dawa zinazolipiwa na bima hiyo. Vyote viwili una haki ya kupewa bila malipo.
- Orodha ya dawa unazotumia sasa na maradhi uliyowahi kuugua, hasa kifafa, maradhi ya moyo, ya figo na ya akili.
- Maelezo ya uvutaji wako: sigara ngapi kwa siku, na ya kwanza unaivuta dakika ngapi baada ya kuamka. Kipimo cha dawa hutegemea majibu haya.
- Daftari la kumbukumbu. Kila simu iandikwe tarehe, jina la aliyepokea, namba ya kumbukumbu na jibu ulilopewa. Bila daftari hili, hatua ya saba itakuwa ngumu mno.

Ikiwa Kiingereza chako au cha mzazi unayemsaidia si cha kutosha, omba mkalimani mwanzoni mwa kila simu. Kampuni za bima, hospitali na mipango inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inatakiwa kumtoa mkalimani bure. Usimtumie mtoto kutafsiri. Kanuni zenyewe hazitaki watoa huduma wamtegemee mtoto isipokuwa kwa dharura, na maneno kama kipimo cha dawa hayafai kubahatishwa.

## Hatua ya 1: Tambua bima yako inatawaliwa na sheria ipi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, ilhali ndiyo inayoamua zote zinazofuata. Marekani haina sheria moja ya tiba ya kuacha sigara. Kuna sheria ya shirikisho inayoweka kiwango cha chini, na juu yake kuna sheria za majimbo ambazo zinaweza kuongeza haki hiyo lakini haziwezi kuipunguza. Swali lako la kwanza basi ni kama sheria ya jimbo inakufikia au inakupita kando.

Bima uliyojinunulia, au ya mwajiri aliyeinunua kutoka kampuni ya bima. Hapa unalindwa na sheria zote mbili. Sheria ya Huduma Nafuu ya 2010 inazitaka bima hizi zilipie, bila mgonjwa kuchangia, huduma za kinga zilizopewa daraja A au B, yaani zinazopendekezwa, na Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga, jopo la wataalamu wa tiba, na kumsaidia mtu mzima kuacha tumbaku kuna daraja A. Maelekezo yaliyotolewa na wizara tatu za serikali ya shirikisho tarehe 2 Mei 2014 yalifafanua kipimo cha kutosha: majaribio mawili ya kuacha kwa mwaka, na kwa kila jaribio vikao vinne vya ushauri vya dakika 10 au zaidi, na dawa zote zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa, FDA, kwa siku 90, zikiwemo zile zinazouzwa bila cheti, mradi mtoa huduma ameziandikia cheti. Yote haya ni bila kuomba idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya kupewa huduma.

Jimbo linaweza kuongeza juu ya hapo. Oregon, kwa mfano, ina sheria inayotaka bima ilipie walau dola 500 za mpango wa kuacha tumbaku kwa mwanachama mwenye umri wa miaka 15 au zaidi, na Maryland imeandika katika sheria yake haki ya kupata kozi mbili za siku 90 za nikotini mbadala kila mwaka wa bima.

Bima ya mwajiri anayelipa madai kwa fedha zake mwenyewe. Waajiri wengi wakubwa hufanya hivi: jina la kampuni ya bima limo kwenye kadi, lakini kampuni hiyo ni karani tu. Bima za namna hii ziko chini ya sheria ya shirikisho ya mafao ya wafanyakazi ya 1974, ijulikanayo kama ERISA, na sheria za bima za jimbo haziwafikii. Kanuni ya huduma za kinga ya 2010, hata hivyo, inawafikia. Kuwalalamikia maofisa wa jimbo kuhusu bima ya aina hii ni kupoteza majuma. Iulize ofisi ya rasilimali watu swali hili, neno kwa neno: "Nikitibiwa, fedha zinatoka kwa kampuni ya bima au kwa mwajiri?"

Medicaid, bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo. Hapa jimbo ndilo mwenye nyumba. Mpango huwa na jina la kienyeji, kama Medi-Cal huko California, MassHealth huko Massachusetts au TennCare huko Tennessee. Tangu tarehe 1 Januari 2014 hakuna jimbo linaloruhusiwa kuziondoa dawa za kuacha tumbaku katika dawa zinazolipiwa na Medicaid. Wajawazito walitangulia: tangu Oktoba 2010 wanastahili ushauri na dawa bila kuchangia chochote. Jimbo, hata hivyo, bado lina nafasi ya kuweka masharti, na hapo ndipo tofauti kati ya jimbo na jimbo huwa kubwa.

Medicare, bima ya serikali ya shirikisho hasa kwa wenye miaka 65 au zaidi. Sehemu B, ile ya huduma za daktari, hulipia hadi vikao vinane vya ushauri katika miezi 12. Dawa za cheti hupitia Sehemu D, ile ya dawa; mabandiko na chingamu zinazouzwa bila cheti kwa kawaida hazimo.

Zipo bima mbili zinazokwepa kanuni ya 2010: zile zilizokuwapo kabla ya tarehe 23 Machi 2010 na hazijabadilishwa sana tangu hapo, na bima za muda mfupi. Ikiwa yako ni mojawapo, nenda moja kwa moja hatua ya sita.

Tahadhari: usikubali kuambiwa kwamba sharti la huduma za kinga lilifutwa mahakamani. Mwezi Juni 2025, katika kesi ya Kennedy dhidi ya Braidwood Management, Mahakama ya Juu ya Marekani iliuacha utaratibu huo usimame.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja aina ya bima yako na ofisi inayoisimamia.

## Hatua ya 2: Tafuta masharti ya jimbo lako kwa maandishi

Piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi, kisha uliza maswali manne tu. Ni dawa zipi za kuacha tumbaku zinazolipiwa? Ni kozi ngapi kwa mwaka, na ya siku ngapi? Je, kuna idhini ya awali, au lazima nijaribu dawa nyingine kwanza? Je, ni lazima nijiandikishe kwenye ushauri ndipo nipewe dawa?

Swali la mwisho huonekana dogo, lakini mtu wa Medicaid akilipuuza anaweza kufika dukani na kuambiwa dawa haitoki mpaka jina lake lionekane katika mpango wa ushauri. Omba majibu kwa barua au kwa ujumbe wa maandishi kupitia akaunti yako ya bima. Jibu la mdomo halina uzito siku ya rufaa.

Ukiambiwa kuna idhini ya awali kwa dawa ya Medicaid, fahamu kwamba sheria ya shirikisho inataka ombi hilo lijibiwe ndani ya saa 24. Kwa hiyo daktari akikueleza kuwa "bado tunasubiri" baada ya juma zima, uwezekano mkubwa ni kwamba ombi halijatumwa.

## Hatua ya 3: Pata cheti cha dawa, hata kwa dawa isiyohitaji cheti

Mabandiko, chingamu na vidonge vya kumumunya huuzwa bila cheti kwa mwenye miaka 18 au zaidi. Hapo ndipo mtego ulipo. Bima hailipii kile ulichochukua rafuni. Hulipia kile ambacho mtoa huduma ameagiza na duka limeingiza katika mfumo wa madai. Pakiti ni ileile, kiwanda ni kilekile, lakini iliyo na cheti hulipiwa na isiyo na cheti hubaki kuwa manunuzi yako binafsi. Nimeshasikia watu wakiliita jambo hili upuuzi, nami sibishani nao. Ila ndivyo mfumo ulivyo, na kuufuata hugharimu ziara moja tu.

Unapoomba miadi, sema wazi kwamba unataka tiba ya kuacha tumbaku. Ukienda kwa kikohozi na kulitaja suala la sigara mlangoni wakati wa kutoka, ziara huandikwa kuwa ya kikohozi, nawe utatumiwa ankara. Ushauri wa kuacha tumbaku una namba zake za malipo: 99406 kwa mazungumzo ya dakika zaidi ya 3 hadi 10, na 99407 kwa zaidi ya dakika 10. Uraibu wa nikotini kwa mvutaji wa sigara asiye na matatizo ya ziada huandikwa F17.210. Huna haja ya kumfundisha daktari kazi yake, lakini namba hizi zitakusaidia kuelewa ankara ikija na makosa.

Huna daktari? Angalia kama jimbo lako linampa mfamasia mamlaka ya kukuandikia mwenyewe. New Mexico ilifanya hivyo mapema, mwaka 2004. California, kwa sheria iliyopitishwa 2013, inamruhusu mfamasia aliyepata mafunzo kutoa nikotini mbadala bila cheti cha daktari. Majimbo mengine yameruhusu dawa zote, mengine nikotini pekee, na mengine hayajaruhusu chochote. Uliza dukani: "Je, mfamasia wa hapa anaweza kuniandikia dawa ya kuacha tumbaku?" Ongeza swali la pili: kama huduma ya mfamasia yenyewe inalipiwa, kwa maana dawa inaweza kulipiwa huku mazungumzo yake yakidaiwa mfukoni mwako.

Umefaulu hatua hii cheti kikiwa kimetumwa dukani, kikitaja jina la dawa, kipimo, na kiasi cha siku 90 au cha siku 30 chenye ruhusa ya kurudiwa mara mbili.

## Hatua ya 4: Zungumza juu ya dawa inayokufaa

FDA imeidhinisha dawa saba. Tano ni nikotini mbadala: mabandiko, chingamu, vidonge vya kumumunya, dawa ya kupuliza puani, na kifaa cha kuvutia nikotini mdomoni. Mbili hazina nikotini: vareniklini na bupropioni. Sigara za kielektroniki hazimo katika orodha hiyo, hivyo usitarajie bima izilipie.

Kwa kawaida, anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na bandiko la miligramu 21, na anayevuta 10 au chini ya hapo huanza na la miligramu 14. Kwa chingamu na vidonge vya kumumunya, anayevuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huanza na miligramu 4. Wengine miligramu 2. Kuchanganya bandiko na chingamu au kidonge hufanya kazi vizuri kuliko kutumia kimoja pekee, hivyo mwombe daktari aandike vyeti viwili tofauti. Bima ikikataa cha pili kwa kudai ni marudio, hilo ni jambo la rufaa.

Vareniklini huanzwa juma moja kabla ya siku ya kuacha na kwa kawaida hutumiwa majuma 12. Bupropioni huanzwa juma moja hadi mawili kabla, nayo haimfai mwenye kifafa wala mwenye ugonjwa wa ulaji. Kwa hiyo usipange siku ya kuacha kabla ya dawa kuwa mkononi.

Tahadhari mbili. Mjamzito asianze dawa yoyote bila daktari wake. Kwake ushauri ndio tiba ya kwanza. Na anayetumia klozapini, olanzapini, theofilini au wafarini amweleze daktari kabla ya kuacha, kwa sababu kuacha moshi wa sigara hubadilisha namna mwili unavyozitumia dawa hizo.

## Hatua ya 5: Kaunta ya duka la dawa

Usilipe kwanza ukitumaini kurudishiwa. Mfamasia akitaja kiasi cha fedha, muulize mfumo umetoa ujumbe gani wa kukataa na uuandike kama ulivyo. Mara nyingi sababu ni ndogo: jina la kibiashara limeandikwa wakati bima hulipia dawa ya jina la kawaida, kiasi kimezidi kikomo cha siku 30, au duka limeingiza pakiti kama bidhaa ya rafuni. Mambo haya matatu hurekebishwa hapohapo kwa simu moja kwa daktari.

Ujumbe ukisema idhini ya awali inahitajika, na bima yako iko chini ya kanuni ya 2010, usiondoke kimya. Mwombe mfamasia nakala ya ujumbe huo, kwa kuwa ndio ushahidi wako wa kwanza.

## Hatua ya 6: Jiandikishe kwenye simu ya ushauri ya jimbo

Namba 1-800-784-8669 hukuunganisha na kituo cha ushauri cha jimbo ulipo, bila malipo, uwe na bima au usiwe nayo. Vituo vingi hutuma pia mabandiko au chingamu nyumbani kwa waliojiandikisha, ingawa kiasi na masharti hutofautiana na jimbo huweza kubadilisha bajeti yake katikati ya mwaka. Omba mkalimani wa Kiswahili unapopokelewa. Omba pia barua inayothibitisha umejiandikisha, maana inaweza kuhitajika katika hatua ya pili na ya nane.

## Hatua ya 7: Ukikataliwa, kata rufaa kwa mlango sahihi

Wengi huishia kwenye barua ya kwanza. Barua hiyo ni mwanzo tu wa utaratibu, na siku zinaanza kuhesabiwa mara moja.

Kwa bima binafsi na ya mwajiri, una siku 180 kukata rufaa ya ndani. Kampuni inatakiwa kujibu ndani ya siku 30 ikiwa hujapata huduma, siku 60 ikiwa umeshaipata, na saa 72 ikiwa ni jambo la haraka. Ikishikilia msimamo wake, kuna mapitio ya nje yanayofanywa na watu wasiotegemea bima. Kwa utaratibu wa shirikisho huombwa ndani ya miezi minne tangu uamuzi wa mwisho, na uamuzi wao huifunga kampuni. Utaratibu huu umewekwa kwa mabishano yanayohusu uamuzi wa kitabibu. Ikiwa ugomvi wako ni juu ya sheria pekee, peleka malalamiko kwa msimamizi pia.

Kwa Medicaid inayoendeshwa na kampuni, rufaa hupelekwa kwa kampuni ndani ya siku 60 za kalenda tangu tarehe ya barua, na ikishindikana unaomba kusikilizwa na jimbo. Ikiwa walikuwa wakikulipia kisha wakasitisha, omba ndani ya siku 10 uendelee kulipiwa huku shauri likiendelea. Kuna hatari moja: ukishindwa, unaweza kudaiwa gharama hiyo.

Barua ya rufaa iwe fupi. Mfano wa kiini chake ni huu:

"Ninapinga uamuzi wenu wa tarehe fulani wa kukataa dawa fulani, iliyoandikwa na daktari wangu kwa ajili ya kuacha tumbaku. Huduma hii ina daraja A la Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga, na maelekezo ya shirikisho ya tarehe 2 Mei 2014 yanataja majaribio mawili kwa mwaka, kozi ya siku 90 na kutokuwepo idhini ya awali. Naomba mlipie dawa hii bila mchango wangu, au mnipe kwa maandishi kifungu cha mkataba mnachokitegemea."

Kama sheria ya jimbo lako inatoa zaidi, itaje kwa jina na namba, lakini tu ikiwa hatua ya kwanza ilithibitisha kwamba inakufikia. Ambatanisha nakala ya cheti, ujumbe wa duka la dawa na kurasa za daftari lako.

Sasa mlango. Bima iliyonunuliwa kutoka kampuni hulalamikiwa kwa idara ya bima ya jimbo. Bima ya mwajiri anayelipa mwenyewe hulalamikiwa kwa Wizara ya Kazi ya Marekani, namba 1-866-444-3272. Medicaid hulalamikiwa kwa wakala wa Medicaid wa jimbo. Malalamiko yaliyopelekwa kwingine kwa kawaida hurudishwa, na siku hazisimami kukusubiri.

Umefaulu ukipata barua inayosema uamuzi umebatilishwa. Irudishe nakala yake dukani, kwa sababu mfumo wao hautajirekebisha wenyewe.

## Hatua ya 8: Shughulikia ada ya ziada ya mvutaji

Sheria ya shirikisho inaziruhusu bima za watu binafsi na za waajiri wadogo kumtoza mtumiaji wa tumbaku hadi asilimia 50 zaidi, na ruzuku ya serikali haigusi nyongeza hiyo. California, Massachusetts, New Jersey, New York, Rhode Island, Vermont na Wilaya ya Columbia zimeikataza kabisa.

Kwa kanuni hiyo, mtumiaji ni aliyetumia tumbaku kwa wastani mara nne au zaidi kwa juma katika miezi sita iliyopita, ukiacha matumizi ya ibada. Usidanganye kwenye fomu: kampuni haiwezi kukufutia bima kwa sababu hiyo, lakini inaweza kukudai nyongeza yote ya nyuma. Ikiwa nyongeza inatoka kwa mwajiri, anatakiwa kukupa njia mbadala ya kuiepuka, kwa kawaida programu ya kuacha tumbaku. Hapo ile barua ya kituo cha simu inaweza kufaa, ila uliza kwanza kama mwajiri anaikubali.

Ukitimiza miezi sita bila sigara, jaza upya jibu la swali hilo unapohuisha bima. Na ukirudia kuvuta kabla ya hapo, angalia tarehe ya kozi yako ya kwanza: jaribio la pili la mwaka bado ni haki yako, na linahitaji cheti kipya.